Mdogo wangu kapandikizwa ini, sasa tunaambiwa mshipa umebana. Nani kapitia hili?

#1 MwanaRau
Habari zenu wadau. Niko Moshi, Rau. Mdogo wangu wa kiume alipandikizwa ini India miezi minne iliyopita. Mchangiaji ni dada yetu, alitoa upande wa kulia. Chanzo ni homa ya ini B iliyomla kimya kimya miaka yote hiyo mpaka ini likasinyaa, tukashtukia maji tumboni. Amerudi vizuri, anakula, anatembea kwa miguu hadi soko la Kiboroloni na kurudi.

Wiki jana kwenye vipimo vya kawaida vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo. Wakampiga ultrasaundi ya dopla, ile inayopima mwendo wa damu kwenye mishipa. Ripoti inasema ateri inayoingia kwenye ini imebana pale ilipoungwa, damu inapita hapo kwa kasi ya zaidi ya mita 2 kwa sekunde, na huko ndani ya ini mapigo yamelegea, kipimo cha ukinzani kiko 0.42.

Daktari mmoja anasema tupande ndege wiki hii hii. Mwingine anasema hana manjano, hana homa, apewe aspirini turudie dopla baada ya wiki mbili. Mama ananiangalia mimi. Swali langu: mshipa ulioshonwa vizuri na kukaguliwa kila siku kule unabana kwa sababu gani? Na hili jambo lina haraka kiasi gani?

#2 Chalii_wa_Sakina
Pole sana kaka. Nakaa hapa nisome.

#3 FundiBomba_Ngarenaro
Pole mkuu. Mimi si daktari, ni fundi, ila maji na damu vyote vinatii presha. Ukiunga bomba la inchi moja na la nusu inchi, pale kwenye ungio lazima pasumbue. Dada ana mshipa wake, kaka ana wake, unene haulingani. Halafu ukikaza uzi kupita kiasi panakuwa na shingo. Na hiyo kasi kubwa ndiyo ushahidi: ziba mdomo wa mpira wa kumwagilia kwa kidole uone maji yanavyoruka. Mimi kwangu jibu ni ufundi wa kushona.

#4 NesiMajengo
Fundi umesema vizuri kuhusu kasi, lakini usiwahukumu washonaji upesi. Ateri ya kipande cha ini la kulia inaweza kuwa na milimita 2 au 3 tu. Wanaishona kwa darubini, uzi mwembamba kuliko unywele. Hata mkono mzuri kuliko yote unaacha kovu, na kovu linavuta.

MwanaRau, nikujibu la haraka kwanza. Ini lina milango miwili ya damu. Veni kubwa inayotoka kwenye utumbo inaleta kama robo tatu ya damu yote, ateri inaleta robo iliyobaki. Ndiyo maana mtu anaweza kukwambia ateri ikibana si neno, robo tatu ipo. Hapo ndipo watu wanapopotea. Njia za nyongo ndani ya ini lililopandikizwa zinalishwa na ateri peke yake. Ini lenyewe linaweza kuvumilia, njia za nyongo hazivumilii. Zikikosa damu zinakufa vipande vipande, zinabana, zinavuja, usaha unajitengeneza ndani. Manjano na homa vinakuja baadaye, wakati uharibifu umeshafanyika. Kwa hiyo "hana manjano" isikutulize.

#5 MwanaRau
Ahsante dada Nesi. Hilo la njia za nyongo hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunaruhusiwa kule. Walituambia vidonge, usafi, tusile vibichi. Dopla tuliambiwa "mkifika kwenu mfuatilie".

#6 Mangi_Pasua
Mangi, mimi nina shangazi yangu alipona ini kwa mchanganyiko wa mlonge, mwarobaini na tangawizi. Unazibua mishipa. Karibu inboksi nikuelekeze.

#7 NesiMajengo
Mangi nakuheshimu, ila huyu hana ini lake la kuzaliwa. Anakunywa takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, ambayo kiwango chake kwenye damu kinapimwa kwa nanogramu. Kuna vitu vinakipandisha na vingine vinakishusha bila wewe kujua. Balungi tu, tunda la kawaida, linakipandisha. Dawa ya kifua kikuu ya rifampisini inakishusha mpaka mwili unaanza kulikataa ini. Hizo dawa za miti hakuna aliyepima zinafanya nini kwenye takrolimasi. Tafadhali usimpe mtu wa namna hii kitu inboksi.

#8 Mangi_Pasua
Nimekuelewa sista. Sikujua hilo la balungi. Nafuta ushauri wangu, MwanaRau usinywe.

#9 MamaNjiro
Nimesoma huu uzi mikono inatetemeka. Mume wangu alipandikizwa, sisemi wapi, mwaka wa kwanza wa ndoa ya binti yetu mkubwa. Yeye ateri iliziba kabisa, siku ya tisa. Hakuwa na dalili. Alikuwa amekaa kitandani anamenya chungwa, anatuhadithia mpira. Asubuhi daktari wa dopla alipita na mashine yake ya magurudumu, akaweka jeli, akaweka kile kichwa cha mashine chini ya mbavu za kulia. Siku zote nane tulizoea kusikia shuu, shuu, shuu. Siku ile kimya. Akabonyeza, akasogeza, akamwambia mume wangu ashike pumzi. Kimya. Akatoka bila kusema kitu, na baada ya nusu saa walikuja watu sita.

Walimrudisha chumba cha upasuaji mchana ule ule, wakafungua, wakatoa donge la damu, wakaunga upya. Mshipa ulifunguka. Lakini njia za nyongo zilikuwa zimeshaumia. Aliishi na mirija ubavuni miezi kumi na moja. Walisema kinachofaa ni ini la pili, na mimi nilikuwa nimeshatoa langu. Watoto tuliwakataza.

MwanaRau, nenda. Usingoje wiki mbili.

#10 Chalii_wa_Sakina
Mama pole sana. Mungu amrehemu mzee.

#11 Mkazi_radiolojia
Pole sana mama. Na ahsante kwa kueleza, maana hicho ulichokisikia ndicho tunachokitafuta.

Naomba niweke mipaka kidogo ili wasomaji wasichanganye. Kuna kuziba na kuna kubana. Ateri kuziba kabisa siku za mwanzo ni dharura ya saa, kama kwa mzee. Ateri kubana mwezi wa nne ni jambo la siku, si la dakika, lakini njia ni ile ile: mshipa uliobana ukiachwa unaweza kuja kuziba. Kipimo cha ukinzani kwa kawaida kiwe kati ya 0.55 na 0.8. Chini ya 0.5, pamoja na kasi kubwa kwenye ungio, tunashuku kubana kwa nguvu. Na dopla peke yake haihukumu. Kinachofuata ni siti skani ya mishipa kwa dawa ya rangi. Hapo muwe makini na figo: takrolimasi inaziumiza, na dawa ya rangi inaweza kuzibebesha zaidi. Pimeni kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu cha figo, na asimeze dawa za maumivu aina ya ibuprofeni.

Kuhusu sababu, sikubaliani sana na Fundi. Ubanaji wa pale pale kwenye ungio, ndiyo, mara nyingi ni ufundi, kovu au mshipa kujikunja. Lakini mwezi wa nne kuna wengine: ini kukataliwa, mshipa kujeruhiwa na kibanio wakati wa upasuaji, maambukizi ya virusi vya saitomegalo. Na kuna bandama.

#12 FundiBomba_Ngarenaro
Bandama inaingiaje kwenye ateri ya ini daktari?

#13 Mkazi_radiolojia
Fundi, hii utaipenda. Ateri ya ini na ateri ya bandama zinatoka kwenye shina moja. Mtu mwenye ini lililosinyaa miaka mingi, bandama linavimba, na ateri yake inanenepa. Ukiweka ini jipya, damu ikifika kwenye njia panda inakimbilia kwenye bomba nene. Ini linaibiwa. Tiba yake haigusi ini kabisa: unapitisha mpira mwembamba kutoka kinenani au kifundoni mwa mkono, unafika kwenye ateri ya bandama, unaweka vispringi vidogo vya chuma kuipunguza.

#14 FundiBomba_Ngarenaro
Hii ni koki ya jirani mwenye tangi chini ya mlima! Nimekuelewa kabisa. Bado nasema shona.

#15 BabuUru
Vijana, salaam. Kuna wanaosema si wizi. Kijana wangu anayesomea mambo haya aliniambia ini lenyewe likipata damu nyingi mno kutoka kwenye ile veni kubwa, linaibana ateri kwa makusudi ili jumla isizidi. Bandama kubwa linamwaga damu nyingi kwenye veni hiyo, basi ateri inajibana. Matokeo ni yale yale lakini mwizi si bandama, ni ini linajihami.

#16 Mkazi_radiolojia
Shikamoo mzee. Kijana wako yuko sahihi, hayo ndiyo mabishano yenyewe, na ndiyo maana jina la "kuibiwa" wengine hawalitaki. Ila kwenye hali hiyo ukinzani ndani ya ini unapanda. Kwa mdogo wake MwanaRau umeshuka, 0.42. Hiyo inanirudisha kwenye kubana kwa kweli. Sitaki kuapa kwa kusoma ripoti tu, picha sijaiona.

#17 Kijenge_Juu
Mimi nauliza kitu kingine. Isije ikawa hali ya hewa? Damu inakuwa nzito huku mlimani. Shemeji alipanda Kibo akaambiwa damu imekuwa nzito.

#18 BabuUru
Rau iko mita mia nane na kitu tu kutoka usawa wa bahari, mjukuu. Kibo ni 5,895. Ukitaka kulaumu mwinuko anza na ninyi wa Arusha mlioko mita 1,400.

#19 NesiMajengo
Hahaha Babu. Ila damu nzito si upuuzi, hasa siku za mwanzo. Wapo wapasuaji wanaojizuia kumwongezea mgonjwa damu na plazma nyingi bila sababu, wakiogopa donge. Na upungufu wa maji mwilini haufai. MwanaRau, alikuwa anakunywa maji ya kutosha safarini?

#20 MwanaRau
Tulipita Addis Ababa, tukakaa saa tisa uwanjani. Alikuwa anakwepa maji asisumbuke kwenda msalani. Sasa naanza kuwaza.

#21 NesiMajengo
Usijibebeshe. Nimeuliza tu. Saa tisa za kiu haziwezi peke yake kubana ungio miezi miwili baadaye.

#22 Mchangiaji_Usa
Samahani, kila mtu anamwongelea mpokeaji. Dada yenu anaendeleaje? Mimi nilimpa baba yangu ini, niko Usa River. Baba alipata shida upande mwingine: si ateri, bali mlango wa kutokea. Damu inaingia kwenye ini vizuri, inashindwa kutoka kwenda moyoni, kwa sababu kipande cha ini kilikua na kujizungusha kikakunja veni. Ini linavimba, maji yanarudi tumboni. Tulidhani ini jipya limekufa. Kumbe walipita shingoni kwa mpira mwembamba, wakapanua kwa puto, maji yakaisha ndani ya wiki moja. Ilibidi warudie mara mbili. Leo baba analima vitunguu.

Naandika ili MwanaRau ajue mishipa kubana si mwisho.

#23 MwanaRau
Ahsante sana ndugu. Dada yuko salama, kovu linamwasha tu na anachoka mapema. Walisema ini lake litajaa tena ndani ya miezi michache. Anachoniuliza kila siku ni "ini langu linakosa nini kwake?" Kama vile amempa kitu kibovu.

#24 Mchangiaji_Usa
Mwambie nilijiuliza hivyo hivyo. Mpe namba yangu, nakutumia inboksi. Hili halieleweki mpaka uwe umelala kile kitanda.

#25 Mdau_Soweto
Kwani lazima India? Hapa nchini hatuwezi?

#26 Mkazi_radiolojia
Figo Muhimbili walianza kupandikiza 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018. Ini ni mlima mwingine. Lakini kupanua mshipa kwa puto si kupandikiza. Muhimbili tangu 2018 wanafundisha madaktari kazi hizi za mipira na puto kwa kuangalia picha. Ninachosita ni hiki: ungio la miezi minne, milimita 3, kwenye ini ambalo likiharibika hakuna mbadala wake hapa. Puto likipasua ungio unataka mpasuaji wa ini chumba cha pili. Ndiyo maana yule daktari anataka arudi kwa waliompandikiza.

#27 Mdau_Soweto
Sawa. Basi tuseme ukweli, fedha. Safari ya pili inatoka wapi?

#28 MwanaRau
Hapo ndipo usingizi ulipoishia. Safari ya kwanza tulichanga ukoo mzima, kanisani, kazini kwake, kikundi cha mama. Kilichobaki ni kihamba, shamba letu la ukoo. Baba mdogo amesema hakiuzwi, baba alizikwa pale.

#29 BabuUru
Kihamba hakiuzwi mwanangu, baba mdogo wako yuko sahihi. Lakini kihamba kinakodishwa migomba na kahawa yake kwa misimu, makaburi yakabaki yenu. Mimi nilifanya hivyo mwaka 1994 kumsomesha binti. Kaeni kikao, muandikishane mbele ya balozi wa nyumba kumi.

#30 Kijenge_Juu
Babu hili limekaa vizuri. Ila kwenye ndizi hizo mtoe na mtori wa mgonjwa.

#31 MamaNjiro
Na mwandikie barua hospitali iliyompasua, uwatumie picha zenyewe za dopla, si ripoti ya karatasi tu. Sisi tulipoteza siku nne kubishana juu ya sentensi moja ya ripoti.

#32 Mkazi_radiolojia
Mama kasema jambo kubwa. Waombe zikiwa kwenye diski. Na aendelee na aspirini kama alivyoandikiwa, lakini aspirini haipanui mahali palipobana. Inazuia chembe sahani zisishikamane pale.

#33 Mdau_Soweto
Wakiweka ile stenti, kibomba cha kushikilia mshipa wazi, si wangeiweka tangu siku ya kwanza ya upasuaji, yaishe?

#34 NesiMajengo
Ungio bichi ukilitanua linapasuka. Na dawa ya kuyeyusha donge kwenye kidonda cha siku tatu inaweza kummaliza mgonjwa kwa kuvuja damu. Ndiyo maana wiki za kwanza mara nyingi wanafungua upya kwa kisu, baadaye ndipo puto na stenti. Na stenti nayo ina deni lake: anakunywa aspirini na klopidogreli, nayo ya kuzuia donge, kwa miezi, na inaweza kubana tena ndani.

#35 MwanaRau
Mrejesho. Siti skani tulifanya Arusha juzi, kreatinini ilikuwa sawa, walimtundikia maji kabla na baada. Imeonyesha ateri imebana zaidi ya nusu. Picha tumetuma. Wamejibu usiku ule ule: aje. Kihamba kimekodishwa misimu mitatu, tumeandikishana. Tunaondoka KIA Alhamisi. Maji anabeba chupa yake, Nesi.

#36 NesiMajengo
Mungu awatangulie. Vidonge kwenye begi la mkononi, si la kuingizwa chini ya ndege. Na saa za kumeza zisihame kwa ghafla.

#37 MamaNjiro
Nawaombea. Mkifika mniambie.

#38 Chalii_wa_Sakina
Siku kumi na mbili kimya. MwanaRau?

#39 MwanaRau
Wadau samahanini, mtandao wa huku ulinisumbua. Alipelekwa chumba cha picha siku ya tatu. Walipita kifundoni mwa mkono wa kushoto, hakulazwa usingizi, alikuwa anawasikia wanaongea. Walijaribu puto kwanza, mshipa ukafunguka halafu ukarudi, wakaweka stenti moja ndogo. Saa moja na dakika ishirini. Nilikuwa nje ya mlango na dada yuko kwenye simu muda wote huo, haongei, tunasikilizana pumzi.

Dopla ya kesho yake 0.58. Ya juzi 0.61. Vimeng'enya vinashuka. Njia za nyongo walizipiga picha, kuna sehemu moja nyembamba wanasema waiangalie, haijaziba.

Kuhusu sababu: daktari wa puto amesema ni kovu la ungio. Mpasuaji mwenyewe anasema ungio lake lilikuwa safi, anashuku ini lilikataliwa kidogo mwezi wa pili bila sisi kujua, maana kiwango cha takrolimasi kilikuwa chini kwenye vipimo viwili. Na bandama ni kubwa kweli, wameandika "la kufuatilia".

#40 FundiBomba_Ngarenaro
Namshukuru Mungu. Daktari wa puto na mimi tuko pamoja.

#41 Mkazi_radiolojia
Hongereni sana. Fundi, mpasuaji hajakubali. Na viwango vya chini mara mbili si kitu cha kupuuza. MwanaRau, mwezi wa pili alianza dawa yoyote mpya? Ya kifua kikuu, ya degedege?

#42 MwanaRau
Hapana. Ila alikuwa anatapika vidonge vya asubuhi siku kadhaa na akaona aibu kutuambia. Kanieleza jana.

#43 NesiMajengo
Basi hapo pana jambo. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza apige simu hospitali wamwambie kama arudie, asikae nalo.

#44 BabuUru
Msimkaripie. Mtu aliyebebwa na ukoo mzima anaona aibu hata kukohoa.

#45 MamaNjiro
Dada yake kasikia ule mlio?

#46 MwanaRau
Mama, ndiyo. Kwenye dopla ya juzi niliweka simu karibu na spika ya mashine. Daktari akaongeza sauti. Dada alikuwa jikoni Rau, akazima redio. Shuu, shuu, shuu. Aliniambia nisikate.

Dopla ijayo ni Jumatatu, tutafanyia huku huku kabla ya kurudi. Nitaleta namba.